Kalkuleta yenye kitufe cha FACT: nimeipa namba ya tarakimu 20 nione itasemaje

Nianze na jibu maana najua wengi mnapitia juu juu mkitafuta nyota ngapi: tatu kati ya tano. Kama una mtoto kidato cha tatu kwenda juu, au mwenyewe uko mwaka wa kwanza pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) unasoma mambo ya hesabu, chukua tu, haitakuangusha. Ila kama kilichokuvutia ni yale maandishi ya kwenye boksi kwamba inavunja namba kuwa vigawo tasa (vile visivyogawanyika ila kwa moja na kwa vyenyewe), basi soma mpaka chini, maana ugomvi wangu nayo uko hapo hapo.

Mimi natoa tuisheni ya hesabu jioni huku Nkuhungu, Dodoma, kwa hiyo kalkuleta kwangu ni kitendea kazi, sio pambo. Brand sitaji, kwa sababu ukizunguka madukani unakuta majina tofauti tofauti ila sura ni ile ile, vitufe vile vile na tabia ile ile, na ninachosema hapa kinahusu hiyo aina yote: ile ya kisayansi isiyoingizwa programu, inayoonyesha sehemu na vipeo kama ulivyoandika kwenye daftari, skrini ya tarakimu kumi, sola juu, betri ndogo ndani, na juu ya kitufe kimojawapo kuna neno FACT limeandikwa kwa rangi.

Duka ni steshenari moja ya katikati ya mji, ukitoka Nyerere Square unashuka kama unaenda soko la Majengo. Dada wa pale alianza na elfu 35, nikamwambia dada angu mimi ni ticha, nikikuta nzuri nitakuletea wanafunzi, akacheka akasema haya mwalimu leta 28, na risiti ya EFD akatoa bila kuombwa, hapo nilimpa heshima yake. Akaifungua akaiwasha mbele yangu, akafunika sola kwa kidole nione kama betri iko hai. Maduka machache sana wanafanya hivyo, wengi wanakupa boksi limefungwa ukifika home ndo unajua umeuziwa nini. Sifa nyingine ni kile kifuniko kigumu cha kuslaidi, kwa mtu wa Dodoma hicho sio urembo, upepo wa kuanzia mwezi wa nane ukianza vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, sembuse kwenye vitufe.

Sasa FACT. Unaandika namba, unabonyeza kitufe cha =, halafu SHIFT na kile kitufe, inakuletea vigawo vyake tasa na vipeo vyake. 2024 inakupa 2³ × 11 × 23. 2025 inakupa 3⁴ × 5², na papo hapo mwanafunzi anaona kwamba vipeo vyote ni shufwa kwa hiyo 2025 ni kipeo cha pili cha namba kamili, ambayo ni 45. Hapo darasani inapendeza mno, mada ya KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) ambayo huwa inawalaza usingizi inaamka. 2026 inakupa 2 × 1013, safi kabisa.

Halafu nikaipa 2026 kwa 2026, yaani 4104676. Mtu yeyote aliyeona mstari uliotangulia anajua jibu ni 2² × 1013². Yenyewe ikaniletea 2² × (1026169), na mabano hayo. Yaani 1013 imeitaja yenyewe muda sio mrefu, ila ikija mara mbili haiijui! Ukisoma kile kijitabu cha maelezo (kina lugha kibao, Kiswahili hakimo) unaelewa kwamba FACT inatafuta vigawo tasa vyenye tarakimu zisizozidi tatu tu, ikishamaliza hizo kilichobaki kikiwa kikubwa kuliko kiwango chake inakifungia kwenye mabano inakuachia. Haikudanganyi, sawa, lakini mabano yenyewe hayasemi kama kilichobaki ni tasa au bado kinavunjika, na mtoto wa kidato cha pili akiona vile anaandika kwenye daftari kama jibu.

Mfano mwingine ili mnielewe ubaya wake. 4294967297, hii ni 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha moja, ina tarakimu kumi kamili kwa hiyo inaingia FACT bila shida. Namba hii ina historia ndefu. Fermat, Mfaransa, mwaka 1640 alikuwa anaamini kwamba namba zote za aina hii, yaani 2 kwa kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, ukijumlisha moja, ni tasa. Tano za mwanzo kweli ni tasa: 3, 5, 17, 257, 65537. Hii ya 32 ndo ikamkataa, Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641. Kalkuleta yangu inatoa 641 × (6700417). Safi, imempata Euler kwa sekunde moja, lakini angalia mabano: safari hii kilichomo ndani NI tasa, wakati 1026169 ya mwanzo SIO tasa, ni 1013 mara mbili, na alama ni ile ile. Sasa mimi mwalimu nitamwelezaje mtoto?

Ningeishia hapo ila kuna dogo mmoja darasani, hawa wa maswali, akaniletea risiti ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya kwao akasema ticha hii tokeni, namba ya kuingiza kwenye mita, ina tarakimu 20, FACT inaweza kuivunja? Swali zuri sana hili, maana kila nyumba hapa mjini ina namba kubwa za namna hii zimekunjwa kwenye droo na hakuna anayezitazama mara mbili. Na kuna mambo ndani yake. Tokeni za mita hizi kwa kiwango chake cha kimataifa zinabeba biti 66 (yaani nafasi 66 za 0 au 1), ndo zinaandikwa kwa tarakimu 20, na 2 kwa kipeo cha 66 ni 73786976294838206464, kwa hiyo tokeni haiwezi kuzidi hapo. Nenda kaangalie risiti zako, hutakuta inayoanza na 8 wala 9. Darasa zima lilienda kufukua droo, kesho yake wakaja na risiti za mpaka za wapangaji.

Na ile purukushani ya 2024 ya kuingiza namba za ziada kwenye mita mnaikumbuka? Nayo ni suala la namba. Kila tokeni ya kununua umeme ndani yake ina alama ya muda inayohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa ni biti 24, yaani dakika 16777216 basi, zikiisha zimeisha, na ukizigawanya kwa 1440 unapata siku 11650 na kitu ambazo zinakufikisha tarehe 24 Novemba 2024. Hapo kalkuleta nikaisifu, 16777216 kwenye FACT inatoa 2²⁴ bila mabano yoyote, na wanafunzi wakafanya hiyo hesabu ya siku wenyewe mpaka tarehe ikatoka.

Ila tokeni yenyewe hapana. Tarakimu 20 FACT haitaki hata kuzisikia, inasema error. (Na kabla hujawaza kingine, kuvunja tokeni kuwa vigawo tasa hakukupi yuniti hata moja, ile namba imefichwa kwa ufunguo wa mita husika, vigawo vyake havina habari yoyote ya umeme. Dogo alisikitika kidogo.)

Basi nikasema tuipe namba ya tarakimu 20 ambayo majibu yake yanajulikana, tusitumie ya LUKU ya mtu. Nikachagua majirani watatu wanaokaa ukuta kwa ukuta:

18446744073709551615
18446744073709551616
18446744073709551617

Ya katikati ni 2 kwa kipeo cha 64, ile maarufu ya punje za ngano kwenye ubao wa chesi (moja mraba wa kwanza, kila unaofuata mara mbili), ya juu imepungua moja (hiyo ndo jumla yenyewe ya punje), ya chini imeongezeka moja. Andika yoyote kati ya hizo kwenye kalkuleta ya elfu 28 na jibu ni moja: 1.844674407×10¹⁹. Zote tatu. Ukiiambia 2⁶⁴ + 1 − 2⁶⁴ inakujibu 0, bila onyo, bila mabano safari hii. Yaani kwa macho ya mashine hii hao majirani ni mtu mmoja.

Na ukweli ni kwamba ni vigumu kupata majirani wasiofanana kama hawa. Wa katikati ni mbili tupu, 2 mara 64, kwa hiyo idadi ya namba zinazoigawanya ni 65. Wa kwanza huhitaji mashine kabisa, unahitaji ile ya kidato cha pili ya tofauti ya vipeo viwili vya pili: 2⁶⁴ − 1 ni (2³² − 1)(2³² + 1), na 2³² − 1 nayo inavunjika hivyo hivyo, unashuka unashuka mpaka unabaki na 3 × 5 × 17 × 257 × 65537 × 4294967297, namba zote za Fermat za mwanzo zimejipanga humo, na ile ya mwisho tumeshaivunja juu pale kuwa 641 × 6700417. Vigawo tasa saba, kila kimoja mara moja, kwa hiyo zinazoigawanya ni 2⁷ yaani 128. Niliifanya ubaoni kwa chaki, hakuna kalkuleta iliyoguswa, na kuna binti mmoja alipiga meza kwa furaha alipoona 641 inajitokeza tena.

Sasa huyo wa tatu ndo mkorofi. Jumla ya tarakimu zake ni 89 kwa hiyo kwa 3 haigawanyiki, inaishia na 7 kwa hiyo 2 na 5 hapana, tofauti ya vipeo haifanyi kazi kwa sababu ni jumlisha. Inaonekana kama tasa kabisa. Ilikaa hivyo mpaka karne ya 19, na aliyechapisha vigawo vyake mwaka 1880 ni mzee wa Kifaransa, Landry, akiwa na miaka 82! Ni 274177 × 67280421310721, hivyo viwili tu na vyote ni tasa, kwa hiyo zinazoigawanya ni nne: moja, yenyewe na hao wawili. Hatua moja kutoka yenye 65, hatua mbili kutoka yenye 128, unafika kwenye nne. Mimi mambo kama haya ndo yalinifanya nibaki kwenye hesabu na mshahara wenyewe mnaujua.

Ungejaribu kwa kugawanya tasa moja moja kuanzia 3 ungepita zaidi ya 22,000 kabla hujaifikia 274177. Ila kuna kanuni aliyoianza Euler na Lucas, Mfaransa mwingine, akaikaza mwaka 1878, kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe 256 mara kitu, jumlisha moja. Kwa hiyo unajaribu 257, 513, 769 na kuendelea, na 274177 ni 256 × 1071 + 1. Elfu moja na sabini na moja, na nyingi humo sio tasa unaziruka. Kwa mzee mwenye subira inawezekana kabisa.

Na hapa kalkuleta ikajirudishia nyota moja, kwa kweli. Haiwezi KUKITAFUTA kigawo lakini ukishaambiwa ni 274177 inaweza kukuthibitishia, kwa skrini hiyo hiyo ya tarakimu kumi, ukiwa na akili ya kubaki na mabaki tu. Anza na 2¹⁶ ni 65536. Zidisha kwa yenyewe upate 4294967296 (ndo 2³²), gawanya kwa 274177, inaingia mara 15664 inabaki 258768. Hiyo ni kubwa kuizidisha kwa yenyewe, itavuka skrini, kwa hiyo badala yake tumia hasi: 258768 kutoa 274177 ni −15409, mabaki ni yale yale. Sasa 15409 kwa 15409 ni 237437281, toa 274177 × 865 ambayo ni 237163105, inabaki 274176. Ambayo ni pungufu ya 274177 kwa moja tu. Kwa hiyo 2⁶⁴ inabakiza 274176, ukijumlisha moja hakuna kinachobaki, imegawanyika, imeisha. Hatua chache, kila namba imekaa kwenye skrini, na mtoto ameshika kwa mikono yake kitu kilichosumbua watu miaka zaidi ya mia mbili. Ukitaka kujua kama kalkuleta yako ina faida mpe mwanafunzi zoezi hili, usimpe FACT.

Kwa kutafuta sasa, tumia simu. Sio ile kalkuleta iliyokuja na simu, ingawa ile ya Google inaandika tarakimu zote bila kukata, ila kuvunja namba haina. Mimi nimeweka Termux, app ya kuipa simu amri kwa kuandika, ni bure, unaipata F-Droid (duka la app za bure), inahitaji bando la kuipakua tu baada ya hapo hata mtandao ukikata inafanya kazi. Unafungua kiskrini cheusi, unaandika factor, unaacha nafasi, unabandika namba, enta. 18446744073709551617 ilirudi na 274177 67280421310721 kabla sijanyanyua kidole, kwenye simu ya Android ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka. Yenye 616 mwishoni ni kichekesho, inakuandikia 2 2 2 2 mara 64 imejaza mistari. Na ikikuletea namba moja tu baada ya nukta mbili, ile ile uliyoiandika, maana yake ni tasa, hakuna mabano ya kukisia. Tokeni za LUKU zile za zamani zilizokwisha kutumika wanafunzi walizipitisha zote, mchezo ukawa nani ana tokeni yenye kigawo tasa kirefu kuliko wote, mpaka wazazi wakaanza kuuliza tuisheni gani hii.

Kasoro ya Termux ni kwamba mtu asiyezoea anaogopa, hakuna vitufe, hakuna rangi, ukikosea herufi inakujibu kwa Kiingereza kikavu. Na usije ukadhani simu sasa inavunja chochote. Tarakimu 20 ni chakula chepesi. Namba za RSA za biti 2048 zinazotumika kulinda mambo mtandaoni zina tarakimu 617 (kama mkia wa namba yetu, imetokea tu), na ile ya mashindano ya tarakimu 250, RSA-250, ilivunjwa mwaka 2020 na watafiti wenye kompyuta nyingi sana, sio kwa simu ya mtu Nkuhungu.

Turudi kwenye bidhaa nimalizie. Vitufe ni laini na maandishi hayajaanza kufutika. Sola inatosha kwenye mwanga wa taa ya darasani, umeme ukikatika betri inashika bila kuzima. Sehemu zinatoka kama sehemu, kipeuo cha pili kinabaki kipeuo, haikimbilii desimali mpaka uiambie, hilo kwa walimu ni kubwa. Skrini ukiwa nje juani unaiona vizuri kuliko simu. Kilichonipotezea nyota mbili ni moja yale mabano yasiyosema kitu, na pili ile tabia ya kukata namba ikivuka tarakimu kumi na kukujibu 0 kwa kujiamini, wangeweka hata kialama kidogo pembeni kwamba hapa nimekata.

Mkienda pale dukani semeni mnataka yenye kifuniko cha kuslaidi, zipo na za kifuko cha kitambaa ambazo bei yake iko chini kwa elfu tano lakini vumbi halitazisamehe. Na wahini kabla ya Januari, shule zikikaribia kufunguliwa ile 28 hamtaisikia tena.